Nyumba ya Magurudumu Katika Baridi ya Jokkmokk

Na Mwandishi Wetu

Wengi wetu tunaijua adha ya bomba kukauka. Waamka alfajiri, wafungua, bomba linakoroma, kisha kimya. Nilidhani ni adha ya Dar es Salaam peke yake, hadi Februari mwaka 2023 iliponikuta kaskazini mwa Sweden, ndani ya gari lililobeba maji tele tumboni mwake.

Gari lenyewe ni nyumba kamili: vitanda, jiko, sinki na choo. Shemeji yangu, afanyaye kazi huko, alilikodi ili atupeleke mimi, dada na mtoto wao wa miezi tisa kwenye gulio la majira ya baridi la Jokkmokk. Gulio hilo, linalokutanisha Wasami na wageni wao, lina historia tangu mwaka 1605, na huanza Alhamisi ya kwanza ya Februari. Tulifuata barabara kuu ya E4, tukapita Sundsvall na Umeå, kisha tukaingia bara penye misitu ya misonobari isiyokwisha. Mji uko juu kidogo ya mstari wa Aktiki. Jua la mwanzoni mwa mwezi huo huchungulia juu ya miti kama mwenye kuona haya, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuzama.

Njiani shemeji alinifundisha habari za maji kuliko za barabara. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9, na viungo vya bomba haviwezi kushindana nayo. Kwa hiyo tangi la maji safi liko ndani, chini ya kiti, na hewa ya moto kutoka kwenye hita hupitishwa kandokando ya mabomba. Tangi la maji machafu liko nje, chini ya gari; hilo huachwa wazi, ndoo ikakinga chini yake, kwani barafu ya ndooni haimdhuru mtu. Hata gesi ina siasa yake. Buteni hugoma kugeuka mvuke baridi ikifika sifuri, lakini propeni huvumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wetu ulikuwa wa propeni.

Usiku wa pili kipimo cha nje kilionyesha nyuzi 24 chini ya sifuri. Asubuhi dada alitaka kumpikia mtoto uji. Pampu ilikoroma, tone halikutoka.

Shemeji hakusema neno. Alipiga magoti, akamulika chini ya kiti, akavuta begi langu. Nilikuwa nimelisukumiza pale usiku kwa kupenda utaratibu, nikaziba tundu la hewa ya moto. Bomba nyuma yake lilikuwa gumu kama chuma.

Nilipendekeza tuliwashie mshumaa karibu. Alinitazama tu. Alizima pampu, akaacha bomba la sinki wazi ili maji yatakayoyeyuka yapate pa kutokea, kisha akaanza kulipuliza kwa mashine ndogo ya dada ya kukaushia nywele, taratibu, kuanzia upande wa sinki. Mimi nilitumwa nje kuchota theluji. Theluji ni udanganyifu mtupu: sufuria iliyojaa hadi juu ilitoa maji yasiyofika kikombe. Nilitoka mara nne huku mtoto akilia, na dada hakunitazama usoni.

Baada ya saa nzima na zaidi bomba lilikohoa, likatema kipande cha barafu, maji yakaja. Tulikaa kimya tukikitazama kiungo kimoja kilichokuwa kikitoa tone, kisha tone. Shemeji alikikaza. Tone halikurudi.

Mchana tuliona mbio za reinda, wanyama wenye pembe za matawi, wakiburura sileji juu ya barafu, na dada alinunua kisu chenye mpini wa pembe. Akacheka tena.

Usiku ule begi langu lililala mbele, kwenye kiti cha dereva, kusikofika joto la hita. Asubuhi dawa yangu ya meno ilikuwa imeganda.