Nyama ya Msafiri Mpakani Tunduma

Atokaye Mbeya kwa njia kuu iendayo Zambia hupita Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, kisha hufika Tunduma, mji wa mwisho wa Tanzania. Ng'ambo ni Nakonde. Miji hii imeshikana hata mgeni hajui ni wapi alipovuka, na malori yaendayo Lusaka na Kongo hupanga mstari mrefu.

Jamaa wengi wa Kiislamu waendao kusini hufunga chakula chao nyumbani. Si ubahili; huko waendako hawamjui mchinjaji. Basi mama wa nyumba hukaanga kuku, hukausha nyama ya ng'ombe, na pengine hutia paja bichi lenye mfupa katika barafu. Hapo ndipo tabu inapoanzia, kwani mkaguzi wa mpakani haulizi nani aliyechinja. Auliza mnyama alikuwa na maradhi gani.

Naye ana sababu. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo hufa katika mnofu nyama inapopoa baada ya kuchinjwa na ukali wake kuongezeka, lakini husalia katika uboho wa mifupa na katika tezi, hasa nyama ikigandishwa. Mwaka 2001 ugonjwa huo uliingia Uingereza, ikadhaniwa kuwa uliletwa na nyama ya magendo, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakauawa. Ndiyo maana Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya Tanzania ya mwaka 2003 yataka kibali kwa nyama iingiayo nchini, na Zambia nayo ina kibali chake.

Tena, tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa mwaka 2019, atokaye Tanzania huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde. Asidhani, basi, kwamba akiuacha upande wetu amekwisha maliza. Wako wanaoficha kitoweo chini ya nguo. Mimi hustaajabu: mtu kahangaika ili chakula chake kiwe halali, kisha akivushe kwa uongo!

Mwenye nyama na amwulize daktari wa mifugo kabla ya safari. Asiye na kibali na aile Tunduma pamoja na wenzake, avuke na mkate na maandazi. Huko mbele atapata samaki na mayai, navyo havina haja ya mchinjaji.