Tangi la Binti Yangu na Chokaa ya Baba Mkubwa

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikibishana na bajeti au na muswada fulani wa sheria. Leo naomba mnivumilie. Kinachoninyima usingizi mwezi huu ni sanduku la kioo la lita 200 lililoko sebuleni kwangu. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 11, ameomba mwamba wa bahari. Samaki wa mapambo wa maji baridi hakuwataka. Alitaka mwamba wenye matumbawe, pamoja na yule samaki wa rangi ya chungwa wa filamu ya Finding Nemo.

Nilikubali upesi mno. Nilipokuwa Ujerumani nikisomea shahada ya uzamivu, nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyefuga mwamba wa namna hiyo, na jioni za majira ya baridi nilikuwa nikiketi mbele yake kama mtu aliyeketi barazani kwao. Sikuwahi kumwuliza gharama.

Sasa nimezijua. Maji yanatakiwa yawe na chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Maji yanapokauka chumvi hubaki, kwa hiyo kila siku huongezwa maji matamu yaliyochujwa, kamwe si ya bahari. Pampu hufanya kazi ya mawimbi. Taa hufanya kazi ya jua, kwa kuwa ndani ya mnyama wa tumbawe huishi mwani wadogo wanaomlisha kwa nguvu ya mwanga. Kuna pia silinda inayoyapiga maji kwa viputo vya hewa hadi povu lipande na kuondoka na uchafu, sawasawa na povu tunaloliona ufukweni siku ya upepo mkali.

Vitabu nilivyosoma viliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, navyo huanza na hita. Dar es Salaam shida ni kinyume chake: mwezi wa Februari tangi hupata joto kupita kiasi, na mashine ya kupoza maji hula umeme kama friji ya pili. Na umeme ukikatika? Mwuzaji alinisifia taa kwa nusu saa nzima, wala hakutaja betri. Pampu zikisimama, oksijeni hupungua na samaki waweza kufa katika muda wa saa chache. Anayetaka kufuata wazimu wangu anunue kwanza betri na inveta ya kuendeshea pampu moja. Taa zitasubiri.

Lakini kilichonishika hasa ni kopo dogo la unga mweupe. Matumbawe magumu hujijengea mifupa kwa kalisi inayotoka majini, na katika tangi kalisi hiyo huisha, hivyo mfugaji hana budi kuirudisha. Yule mzee wa Kijerumani alikuwa akikoroga unga katika maji matamu, akauacha utuame, kisha akayadondosha yale maji meupe ndani ya tangi usiku kucha, tone baada ya tone. Aliyaita Kalkwasser, yaani maji ya chokaa. Nilicheka, naye hakujua nacheka nini.

Mikindani, nilikokulia, baba mkubwa alikuwa mchoma chokaa. Siku za bamvua, maji yalipokupwa hadi mbali, tulitoka na mitaimbo kuvunja matumbawe yaliyo hai. Tuliyaanika, tukayapanga juu ya lundo la magogo, tukachoma. Mawe yale yaligeuka chokaa, na chokaa ikalipa ada yangu ya shule. Simhukumu. Saruji ilikuwa ghali, na waliojenga kwa chokaa ile hawakuwa matajiri. Lakini nakumbuka kwamba kila msimu tulikwenda mbali zaidi kuyapata matumbawe. Kisha mwaka 1998 bahari ikapata joto kali na matumbawe ya pwani yetu yakapauka kwa wingi. Yale tuliyokuwa tumekwisha kuyachoma hayakuwapo hata kupauka.

Ndiyo sababu nilipokwenda kuchagua viumbe nilikuwa mkaidi. Mwuzaji alinionyesha tumbawe gumu ndani ya ndoo, lililong'olewa majuzi. Nikamwomba kibali.

"Daktari, kibali cha nini tena? Si kamoja tu haka?"

Nilimwachia. Tumbawe waweza kulikata, na kipande cha ukubwa wa kidole hukua. Nitasubiri hadi nipate kipande kilichokatwa katika tangi la mfugaji mwingine, hata ikiwa ni mwakani. Kangaja wa buluu naye nilimkataa, ingawa binti alinuna, kwa sababu hufikia sentimita 30 na tangi letu lingekuwa jela. Tutachukua samaki wawili wa rangi ya chungwa waliozaliwa kifungoni, kwa kuwa jamii hiyo huzaliana vizuri matangini. Nilimweleza kwamba yule wa filamu hapatikani katika pwani yetu. Wa kwetu ni wa jamaa yake, na mmojawapo ana mstari mweupe mgongoni. Nilimweleza pia kwamba wote huanza maisha wakiwa madume na mkubwa wao hugeuka jike. Hilo lilimfurahisha kuliko tangi lenyewe.

Mawe sikununua. Ukuta wa nyumba ya baba mkubwa ulikwisha kuanguka, nami nilirudi na gunia la mawe yake ya matumbawe, nikayasugua chokaa yote na kuyaloweka wiki nzima. Sasa yamo majini, yakingoja bakteria watakaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita, na hii ni ya tano. Jana amonia ilisoma sifuri. Nitriti bado ipo, na binti kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, huja na kichupa cha kupimia na kuniuliza kama rangi imebadilika.