Majani Yaliyopewa Nafasi

Babu alikuwa na ngitili, eneo la malisho ya akiba, nyuma ya mji wake, huku ambako leo ni wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Mvua za Novemba zikianza, ng'ombe walipelekwa kwenye malisho ya wote na eneo lile likafungwa. Halikuwa na senyenge. Mpaka ulikuwa mgunga fulani, kichuguu na mkondo wa maji, na aliyeingiza mifugo yake alitozwa faini na wazee. Majani yalikua, yakapukutisha mbegu, yakakauka yakiwa yamesimama. Mwezi wa Julai au Agosti, huko nje kukiwa kumebaki vumbi, babu alifungua kipande kimoja, kikiisha, kingine. Ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai ndio waliotangulia, maana maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau mvua zinaporudi.

Operesheni Vijiji, ya kuwakusanya watu vijijini, ilitufikia mwaka 1974, nikiwa shule ya msingi. Tulihamishiwa kwenye nyumba za mistari, ngitili ikabaki mbali, bila mwenyewe. Misitu mingi ilikuwa imekwisha kufyekwa tangu enzi za ukoloni kupambana na mbung'o, kisha pamba ikachukua nafasi yake. Sasa mifugo ya kijiji kizima ikakanyaga ardhi ile ile kila siku. Jani lilipochipua tu liliumwa, mzizi ukabaki mfupi, udongo ukawa uchi. Mvua ilipita juu yake kama juu ya sakafu, ikachimba makorongo. Kuni ziliadimika hata mama akapikia samadi iliyokauka, kwa hiyo hata kile ambacho ng'ombe angeirudishia ardhi kiliishia jikoni.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni msisitizo ulikuwa kupanda miche, na mingi ya kigeni ililiwa na mchwa. Mambo yalibadilika wazee walipoulizwa wao walikuwa wakifanya nini zamani. Baba akafunga tena kipande cha babu. Mkutano wa kijiji, dagashida, ukaweka sheria, sungusungu, walinzi wa jadi, wakailinda. Msimu wa kwanza yalitoka magugu na miiba. Baadaye visiki tulivyodhani vimekufa vikachipua migunga, bila mtu kupanda hata mche mmoja, na chini yake majani yakashika udongo. Nilichimba kwa jembe baada ya mvua nikakuta unyevu mahali ambapo zamani jembe lilidunda. Mkoa mzima ulihesabiwa kuwa na hekta 600 hivi za ngitili mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi 300,000.

Kwa miaka mingi tulihubiriwa jambo moja tu: punguzeni ng'ombe. Idadi ina uzito wake, sikatai. Lakini hapa kwetu majani yalirudi yalipopewa miezi ya kukua bila kuguswa, na waliokuja kuyala wakaacha samadi pale pale. Hilo lilihitaji sheria ambayo watu wenyewe waliiheshimu, na ndiyo inayolegea sasa. Ngitili zinagawanywa kwa watoto, nyingine zinakodishwa kiangazi kwa yeyote mwenye fedha, naye hana sababu ya kubakiza kitu. Ndugu zangu wanataka kulima dengu kwenye udongo mweusi wa upande wa mashariki wa ngitili yetu, sehemu ambayo huhifadhi majani hadi Oktoba. Nimekataa. Tumekubaliana kuketi tena na wazee baada ya mavuno.