Cheti cha Kuchelewa

Mpenzi msomaji, ni mara ngapi umefika mahali ukiwa umechelewa, jasho likikutiririka, ukaanza kueleza habari za msongamano wa magari na asitokee hata mmoja wa kukuamini? Nawe mzazi, ni mara ngapi mwanao amekueleza hayo hayo ukamkatiza kwa ukali, "Nyamaza! Maneno mengi ya nini?" Leo nataka nikusimulie safari niliyofunga hadi Japani mwezi wa Oktoba mwaka wa 2025 kwenda kupanda treni na tramu, na jinsi nilivyorudi na kikaratasi kidogo kilichonifunza jambo ambalo miaka yangu yote ya ualimu haikunifunza.

Kwanza nikufahamishe ugonjwa wangu. Mimi ni mgonjwa wa treni. Nilizaliwa Muthurwa, Nairobi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na usingizi wangu wa utotoni ulibembelezwa kwa mlio wa mabehewa yakiunganishwa usiku. Marehemu baba alikuwa gadi. Alikaa behewa la mwisho na bendera yake ya kijani, na treni haikuthubutu kuondoka kabla hajapuliza kipenga. Saa yake ya mfukoni tuliiogopa kuliko kiboko. "Treni haina mjomba," alizoea kutuambia, na aliyefika mezani baada ya sala ya chakula alilala na njaa.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami nilipokuwa mwalimu, siku za zamu yangu wanafunzi waliruka ua wa nyuma kuliko kunikuta langoni baada ya kengele. Nyumbani kwangu nako lango lilifungwa saa moja jioni kamili. Kuna jambo lililotokea kwa sababu ya lango hilo. Nitakueleza, lakini nipe nafasi kwanza nikufikishe Japani.

Nilikuwa na rafiki wa kalamu mjini Osaka tangu tukiwa wanafunzi. Kwa miaka mingi tuliandikiana habari za treni, yeye akinitumia picha za kwao, nami nikimweleza juu ya injini kubwa za mvuke zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli hapa Nairobi. Nilipostaafu, akaniandikia kuwa kikundi chao cha wapenzi wa reli, watu kumi na wanne, kitafanya ziara ya siku tisa, na kuna nafasi moja. Mama watoto alinitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Wenzako wakipata kiinua mgongo hununua ng'ombe." Hata hivyo ndiye aliyenipakia sanduku.

Usidhani nilikuwa nimepotelewa na akili peke yangu. Kule watu wa aina yangu ni wengi hata wana majina yao. Wale wanaopenda kupanda huitwa "noritetsu", na wale wanaopenda kupiga picha huitwa "toritetsu". Katika kikundi chetu alikuwamo bibi mmoja wa miaka sabini na minne, ambaye akifumba macho alitambua aina ya treni kwa mlio wa mota yake.

Siku ya kwanza, Tokyo, tulipanda tramu iitwayo Tokyo Sakura Tram kutoka Minowabashi hadi Waseda, kilomita 12.2. Zamani jiji hilo lilijaa tramu za serikali ya mji. Leo imebaki njia hiyo moja tu. Hupita nyuma ya nyumba za watu, karibu sana na nguo zilizoanikwa na vyungu vya maua. Kesho yake tukaenda pwani kupanda treni ndogo ya Enoden, kati ya Kamakura na Fujisawa, ambayo mahali fulani huchangia barabara moja na magari. Nilishangilia kama mtoto.

Nilichokivulia kofia zaidi ni madereva. Dereva wa Kijapani haoni taa akanyamaza. Huinyoshea kidole, mkono umevaa glovu nyeupe, na kutamka kwa sauti kwamba taa ni ya kijani, ingawa hakuna wa kumjibu. Kabla ya kuondoka stesheni huinyoshea kidole ratiba yake, kisha saa. Rafiki yangu alinieleza kwamba jicho, mkono, mdomo na sikio vikifanya kazi pamoja, akili haipati nafasi ya kuzurura. Nilimkumbuka baba na saa yake. Nikajiambia, kumbe hawa ndio ndugu zetu wa damu!

Na usahihi wao wa wakati, msomaji, ni jambo la kustaajabisha. Mwaka wa 2017, treni moja ya Tsukuba Express iliondoka stesheni sekunde 20 kabla ya wakati wake, na kampuni ikaomba radhi hadharani. Treni ya mwendo wa kasi, Shinkansen, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka. Ni safari ya kilomita 515, na leo treni zake za haraka zaidi huimaliza kwa takriban saa mbili na nusu. Kuna miaka ambayo wastani wa kuchelewa kwa treni za njia hiyo haukufika hata dakika moja, wakiwa wamehesabu na siku za tufani. Mimi niliyepoteza nusu ya maisha yangu kwenye foleni za barabara ya Jogoo nilitamani kulia.

Sasa sikiliza lililotokea siku ya tatu. Tulikuwa katika treni ya kawaida asubuhi, imejaa wafanyakazi na wanafunzi waliovaa sare, ikasimama katikati ya njia. Ikatangazwa kwamba kuna hitilafu mbele. Dakika ishirini zikapita. Nikawatazama wale wanafunzi nikingoja kuona hofu niliyoizoea langoni pa shule yangu. Sikuiona. Tulipofika na kushuka, hawakukimbia. Walipanga mstari mbele ya mfanyakazi wa reli aliyekuwa akigawa vikaratasi, kila mmoja akachukua chake, akainama kidogo, akaenda zake.

"Ni nini hicho?" nikamwuliza rafiki yangu.

"Ni cheti cha kuchelewa," akanijibu. "Kimetobolewa tundu kuonyesha tarehe na dakika tulizopoteza. Mwanafunzi atampa mwalimu wake, mfanyakazi atampa mkubwa wake."

Nikacheka. "Yaani reli inamwombea mtoto msamaha?"

"Inamtolea ushahidi," akasema. "Kosa si lake."

Nami nikachukua kimoja, nikakitia ndani ya pasipoti yangu kama kumbukumbu. Sikujua bado kwamba nilikuwa nimekichukua kwa ajili ya mtu mwingine.

Siku ya tano tulikuwa Osaka. Rafiki yangu akasema kwamba leo hatupandi treni kwa kujifurahisha, akatupeleka Amagasaki, mji ulio karibu. Hapo, kando ya kona ya reli, lipo jengo la makazi ambalo sehemu yake ya chini imehifadhiwa na kufunikwa kwa paa, na pamefanywa mahali pa ukumbusho tangu mwaka wa 2018. Tulivua kofia. Hakuna aliyepiga picha, hata wale ambao kamera haikuwatoka mkononi siku zote.

Tarehe 25 Aprili 2005, asubuhi, dereva kijana wa miaka 23 aliipitiliza stesheni ya Itami kwa mita zipatazo 70, ikambidi airudishe treni nyuma. Alipoondoka alikuwa amechelewa kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Dakika moja, msomaji! Lakini kijana huyo alikuwa na sababu ya kutetemeka. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanya kosa la namna hiyo, akaondolewa kazini siku 13 apewe kile kilichoitwa mafunzo, na mafunzo yenyewe, kwa wengi waliopitia, yalikuwa kukaripiwa na kuandika karatasi baada ya karatasi za kujilaumu. Kwa hiyo akamwomba kondakta kwa simu ya ndani ampunguzie umbali ule katika taarifa yake, huku akiongeza mwendo. Kona iliyotakiwa kupitwa kwa kilomita 70 kwa saa aliiingia kwa kilomita zipatazo 116. Mabehewa ya mbele yakaacha reli yakalivamia lile jengo. Walikufa watu 107, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, na zaidi ya 500 wakajeruhiwa. Wachunguzi, katika ripoti yao ya mwaka wa 2007, walieleza kwamba huenda alikawia kufunga breki kwa sababu masikio yake yalikuwa kwa kondakta akimripoti, na moyo wake ulikuwa kwenye ile adhabu iliyomngoja.

Rafiki yangu alipomaliza kunifasiria, miguu yangu iliisha nguvu. Nikaketi. Wenzangu walidhani ni uzee. Haukuwa uzee.

Sasa nitakueleza habari ya lango langu. Mwaka wa 2014, binti yangu wa kwanza alikuwa kidato cha tatu, akienda shule na kurudi. Ijumaa moja mvua ilinyesha na magari yakagandana. Matatu aliyoabiri ilipokaribia steji yetu, ilikuwa imebaki dakika tano kufika saa moja. Hakungoja isimame. Aliruka. Mguu ulivunjika chini ya goti mahali pawili. Nilipofika hospitalini nikamkuta amelala, uso umepauka, na neno lake la kwanza kwangu halikuwa la maumivu. Aliniuliza, "Baba, ni saa ngapi?"

Kwa miaka kumi na mmoja niliwaambia watu kwamba binti yangu aliumizwa na dereva wa matatu asiye na adabu. Niliisema hadithi hiyo kanisani, niliisema kwenye arusi yake alipokuwa akitembea kwa kuchechemea kidogo. Pale Amagasaki, mbele ya jengo lile, nilikosa dereva wa kumsingizia. Wahenga walisema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Mimi nilikuwa karibu kumpoteza wangu kwa kumkataza kuchelewa.

Siku ya saba tulifika Hiroshima, mji wa tramu. Tangu Agosti 2025 tramu za huko hupanda daraja na kuingia ghorofa ya pili ya stesheni kuu, na wenzangu walitaka kupanda na kushuka pale mara nne. Lakini mimi nilivutiwa na habari ya zamani. Bomu la atomiki liliangushwa tarehe 6 Agosti 1945. Tarehe 9, siku tatu tu baadaye, tramu ilitembea tena katika kipande kifupi cha njia, katikati ya majivu. Wakati huo wanaume wengi walikuwa vitani, na miongoni mwa walioendesha tramu za mji huo walikuwamo wasichana wa shule, umri wa binti yangu alipovunjika mguu. Tramu nambari 651 na 652 zilizonusurika siku ile zilitengenezwa zikarudi kubeba watu. Nilijiuliza, katika mji uliokuwa umeungua namna ile, nani alikuwa na ratiba mkononi? Watu walihitaji kuwatafuta jamaa zao, na tramu ikaja.

Jioni hiyo tulipanda tramu moja iliyojaa. Huko nauli hulipwa wakati wa kushuka, mbele karibu na dereva. Ajuza mmoja akafika pale, akaanza kuhesabu sarafu zake moja moja, zikamwanguka, akaanza upya. Nilitazama saa yangu kwa mazoea: dakika mbili. Dereva hakugeuka kumwangalia kwa jicho kali, wala abiria hawakusonya. Alipokwisha kushuka salama, dereva akatuomba radhi kwa kipaza sauti, akainyoshea taa kidole, akaitamka, tukaondoka bila pupa. Nikaelewa kwamba mtu anaweza kuiheshimu saa bila kumfanya mwenzake aiogope.

Nilirudi nyumbani Jumamosi. Jumapili binti yangu akaja na watoto wake kupokea zawadi. Walipokwisha kugawana peremende, nikamwita kando, nikampa kile kikaratasi.

"Kimeandikwa nini, Baba?"

Nikamwambia kwamba Kijapani sikijui, lakini najua maana yake: aliyebeba karatasi hii amechelewa, na kosa si lake. Kisha nikamwambia kwamba ile Ijumaa ya mvua kosa lilikuwa langu, na kwamba nimekawia mno kulisema.

Alikitazama kwa muda mrefu, akikigeuza. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mbona siku ile hukuniuliza kulikuwa na nini njiani?"

Sikuwa na jibu. Akakikunja, akakitia mkobani, akaenda kumsaidia mama yake kupakua chakula. Tulikula saa nane na robo badala ya saa saba, nami nikanyamaza.

Mpenzi msomaji, sisemi tuzembee. Wewe mwanafunzi, dakika unayompotezea mwenzako huwezi kumrudishia, kwa hiyo amka mapema. Lakini wewe mzazi mwenzangu, mwanao akibisha hodi usiku wa leo, amelowa na anahema, usianze na saa ya ukutani. Mfungulie kwanza. Kisha umwulize kulikuwa na nini njiani, na umsikilize mpaka amalize.