MJOMBA ANA SIMENTI, NYUMBA INATAKA CHOKAA!

Leo mapenzi tuyaweke kando kidogo, tuongee nyumba. Usikimbilie ukurasa wa pili kwanza! Humu nako kuna mapene, kuna kasheshe ya ukoo mzima, na kuna bibi kizee anayelala chini ya dari lililooza.

Kama Zanzibar unaijua kwa urojo wa Forodhani na picha za ufukweni tu, ngoja nikupe mchapo. Mji Mkongwe, ile sehemu ya vichochoro na milango ya kuchonga, tangu mwaka 1985 una mamlaka yake ya kuuhifadhi, na mwaka 2000 UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa lugha ya kijiweni maana yake ni hii: nyumba ni yako, hati unayo, lakini sura ya nyumba si yako peke yako. Ukitaka kubadilisha dirisha, kupandisha ghorofa au kubomoa ukuta, unaomba kibali kwanza. Yale madirisha ya alumini yanayowakawaka Sinza na Mbezi, kule sahau.

Sasa babu yangu mzaa mama aliacha nyumba Kiponda. Jumba hasa! Ghorofa mbili, ua katikati, ngazi ya mbao inayolia kila ukikanyaga, na madaka ukutani ambamo bibi anaweka msahafu wake, chetezo na dawa za presha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za pale mjini zilichukuliwa na serikali wakawekwa wapangaji, lakini ya babu ilibaki mikononi mwake. Alipofariki ikawa ya warithi saba. Na nyumba ya warithi saba unaijua mwenyewe: siku ya kuuza kila mtu ni mwenye nyumba, siku bati likivuja hakuna mwenyewe.

Mwezi wa sita ukapita uamuzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba aende mtu akasimamie matengenezo. Nikachaguliwa mimi bila kupingwa. Sifa zangu? Sina bosi! Kuandika safu gazetini, kwa wakubwa wale, ni kupunga upepo tu.

Nashuka kwenye boti, nafika Kiponda, namkuta mjomba keshanunua mifuko 12 ya simenti na kaipanga ukumbini. Mpango wake ulikuwa mwepesi: kuta zikwanguliwe, zipigwe simenti, zipakwe rangi ya mafuta, halafu aletwe mwekezaji mmoja aliyekuwa akiulizia nyumba aikodi kwa miaka mingi aifanye hoteli. Kila mrithi apate mshiko wake. Bibi atahamishiwa kwa mjomba huko shamba, kwenye nyumba ya matofali yenye feni.

"Mjomba," akaniambia, maana mimi na yeye tunaitana hivyo hivyo, "miezi miwili tu, nyumba inang'aa kama sahani."

Mjomba si mtu mbaya, tuelewane. Ndiye anayemnunulia bibi dawa, na ndiye anayepigiwa simu usiku maji yakianza kudondoka. Watu wa Muscat na London wanaotuma nyuso za kulia kwenye WhatsApp hawajawahi kupanda juu ya paa lile na ndoo.

Aliyeivuruga mipango alikuwa fundi. Mzee wa makubazi na kofia ya viua, mtu wa chokaa tangu ujana wake. Mjomba alimwita aje apige simenti, yeye akaja na kijiti cha chuma. Akaenda kwenye ukuta wa mbele, ule uliowahi kupigwa simenti miaka mingi nyuma, akaugonga. Ukalia mtupu, kwo kwo, kama debe. Akachokonoa kidogo, kikaanguka kipande kipana kama sinia. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa, na mawe yanabomoka kwa kidole.

"Mwanangu, nyumba hii yavuta pumzi kama wewe," akaniambia. "Ukiipiga simenti, ushaiziba pua."

Hebu nikueleze alivyonieleza. Kuta za nyumba hizi zina unene wa nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Hazina ile karatasi ya kuzuia maji tunayoweka kwenye msingi siku hizi. Maji yanapanda kutoka ardhini, mvua nayo inapiga kwa nje. Chokaa inayaachia maji yale yatoke taratibu yakauke na upepo. Simenti haiachii. Maji yanabaki ndani, yanayeyusha chumvi, chumvi inatafuta pa kutokea, na ikikauka inavimba na kulivunja jiwe lenyewe. Ule unga mweupe unaouona kwenye kuta za nyumba za pwani, watu wakadhani ni fangasi, mara nyingi ni chumvi hiyo. Rangi ya mafuta nayo ni ndugu yake simenti, inaziba vilevile.

Na chokaa yenyewe ina maajabu. Unachoma mawe ya matumbawe kwenye rundo la magogo, yanageuka kitu kingine. Ukiyatia maji yanachemka bila moto, yanakuwa uji mweupe. Uji ule unaulaza shimoni wiki kadhaa ukomae. Ukishaupaka ukutani unavuta hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani, na polepole unarudi kuwa jiwe. Kemia ya fomu foo ilinipita hivi hivi, bwana, lakini siku ile niliielewa nikiwa nimekaa barazani na glasi ya juisi ya ukwaju.

Tatizo lake? Haina haraka. Plasta ya chokaa unapiga tabaka moja, unaifunika kwa magunia yaliyolowa isikauke upesi ikapasuka, unasubiri, ndipo unapiga jingine. Mjomba kila jioni anapiga simu: "Wamefika wapi?" Namjibu: "Wanasubiri." Simu inakatwa.

Ukuta, kumbe, ulikuwa nafuu. Kasheshe ilikuwa juu. Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: boriti nzuri ni ya mita tatu hivi, chumba hakiwezi kupanuka zaidi ya hapo. (Ukiingiza kitanda cha sita kwa sita, mwenzio anapita ubavu kama kaa.) Juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyoshindiliwa, mzigo mzito ajabu. Boriti ikiwa kavu inaishi kuliko aliyeikata. Lakini bati likivuja, au ukuta ukilowa, ncha iliyoingia ukutani inaoza kimyakimya. Kwa chini unaiona nzima. Fundi akapanda ngazi, akachoma ncha ya kwanza kwa kile kijiti, kikaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Ya pili hivyo hivyo. Kati ya boriti 14 za chumba kile, 9 zilikuwa zimekwisha. Na chini ya chumba kile ndipo kilipo kitanda cha bibi.

Siku ile sikucheka tena. Wote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilipoanguka upande mmoja mchana kweupe, likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba la kifalme, lenye nguzo za chuma! Sembuse la babu.

Bibi tukamhamishia chumba cha mbele. Alinuna siku tatu. Mafundi wakaweka magogo ya kuegemeza dari, wakaanza kutoa boriti moja moja na kuingiza mpya. Nazo boriti si za kwenda kukata utakavyo, mikoko inalindwa. Tulisubiri zenye kibali, na bei yake ilinitoa jasho. Picha nikatuma kwenye kundi. Ndipo vita vikaanza! Mmoja anasema uza. Mwingine anasema usiuze ila mimi sina hela. Mjomba akaandika kwa herufi kubwa kwamba huu urithi wa dunia ni mzuri, lakini mbona dunia haijatuma hata boriti moja?

Kwa hilo, mimi nipo na mjomba. Watalii wanapiga picha mlango wetu kila siku, wanausifia, wanapita. Njia nyepesi ya kuokoa majumba imekuwa kuyageuza hoteli. Hata Mambo Msiige kule Shangani, lile jumba ambalo wanasimulia chokaa yake ilichanganywa na mayai, tangu 2015 ni sehemu ya hoteli kubwa. Limepona, sawa. Lakini jioni hakuna bibi anayeita mjukuu kutoka dirishani, wala mtoto anayetumwa mkate wa kumimina. Nikiitazama Kiponda na vyombo vya ndani vya bibi vimerundikwa ukumbini, najiuliza tunahifadhi mawe kwa ajili ya nani.

Bibi mwenyewe hakuulizwa mpaka wiki ya tano. Mjomba alikuja na mwekezaji, wakakaa barazani, kahawa ikaletwa. Yule bwana alieleza kwa adabu kabisa. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Baba, karibu sana. Nikifa njoo uzungumze na hawa. Mie bado naishi humu." Akamwongeza kashata.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa kumi nimerudi Bongo. Ukuta wa mbele umekwisha, mweupe, na ukiugusa mchana wa jua kali ni wa baridi. Mabati tumebadilisha yote. Boriti 6 zimeingia, 3 bado, na magogo ya kuegemeza yangali yamesimama katikati ya chumba. Vuli inakaribia. Simenti mjomba ameibeba kwenda kujengea choo huko shamba, na fundi anadai malipo ya wiki mbili. Mama mdogo wa Muscat kasema atatuma mwisho wa mwezi. Mwezi upi, hakusema.