Asubuhi Moja Kibirizi: Boti Iliyochelewa Kuwaka

Mwezi uliopita nilipata kibali cha siku nne kumsindikiza shangazi hospitali, Kigoma. Siku ya tatu shangazi akaniambia, "Mwanangu, nenda ukatume ule mzigo wa bibi." Mzigo wenyewe ulikuwa kitenge kimoja, miwani ya kusomea na barua ya mama. Bibi yuko Baraka, hatujawahi kuonana.

Mimi nimezaliwa hapa Nyarugusu. Ziwa Tanganyika nimelifundisha darasani miaka miwili: urefu kama kilomita 670, kina karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Lakini kuliona kwa macho, ndugu zangu, ni kitu kingine. Nilisimama Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi, milima ya Kongo inaonekana kwa mbali kama moshi, nikakaa kimya. Kule ndiko baba na mama walikotoka mwaka 1996.

Kibirizi ni ufukwe wa boti za mbao. Harufu ya dagaa, magunia, akina mama wa uji, wabeba mizigo wanapigiana kelele. Bandari kubwa iko upande wa mjini, ndiko nyumbani kwa MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na ambayo mwaka 2015 iliwabeba wenzetu Warundi kutoka Kagunga. Hata ile ilianza na mvuke, ikawekewa dizeli miaka ya 1970.

Boti yangu ilikuwa imejaa tayari. Nikampa nahodha mzigo, akauweka chini ya kiti chake. Akabonyeza stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, wapi! Mara ya pili, wapi. Abiria wakaanza kunung'unika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema afadhali ikatae hapa kuliko katikati ya ziwa. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na boti isiyo na injini inageuzwa ubavu kwa mawimbi.

Akaitwa fundi, mzee mfupi mwenye spana mbili tu mfukoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, kijana. Wewe ni abiria?" "Hapana mzee, ni mwalimu, nimeleta mzigo." Akacheka, "Basi shika tochi, mwalimu."

Hakufungua kitu kwanza. Alisikiliza. Stata inazunguka kwa kasi, kwa hiyo betri na waya si tatizo. Ingezunguka kivivu angeanza na vichwa vya betri, mara nyingi vinaota unga mweupe. Kisha akatazama bomba la moshi. Hakuna moshi kabisa. Akanieleza: ukiona moshi mweupe mwingi wakati wa kupiga stata, dizeli inafika lakini haiungui, hapo tafuta plagi za kupasha joto au injini iliyochoka. Usipoona moshi, dizeli haifiki.

Halafu akamuuliza nahodha, "Jana mchana iliwaka vipi?" "Mara moja tu, mzee. Asubuhi ndiyo inasumbua, siku tatu sasa." Mzee akatikisa kichwa. Kumbe hilo ndilo jibu. Usiku injini ikilala, kama kuna mahali hewa inapenya, dizeli inarudi tangini taratibu na bomba linabaki na hewa.

Akafungua tapu ya chini ya filta, akakinga kwa chupa iliyokatwa. Maji yakatulia chini, dizeli juu, kama mafuta kwenye mchuzi. Akafunga, akalegeza skrubu ya juu na kupampu kwa mkono. Likatoka povu, povu, mpaka ikaja dizeli safi isiyo na kipovu hata kimoja. Akakaza. Stata. Injini ikawaka!

Watu wakapiga makofi. Mzee akaizima! Nahodha akakasirika kweli. Mzee akamwambia, "Kesho utaniita tena, au utaniita ukiwa ziwani ambako sipo."

Tukatafuta tundu. Mimi natafuta palipolowa, sioni. Akasema bomba hilo linavuta, halisukumi, kwa hiyo linaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone. Alipinda bomba la mpira karibu na bendi, ufa ukafunguka kama mdomo. Akakata kipande kibovu, akarudisha, akakaza. Wosha mbili za shaba alizitia kwenye jiko la mama wa uji mpaka zikawa nyekundu, akazipoza majini. Zinalainika, zinakaa vizuri tena. Bomba jipya linunuliwe wiki hiyo hiyo, alisema.

Kijana mmoja alikuwa ameshauri kitambaa chenye petroli mdomoni mwa injini. Mzee akamkemea: inalipuka kabla ya wakati wake na kuvunja vyuma, tena boti imejaa watoto.

Iliondoka saa tatu kasoro.

Niliporudi nilimsimulia baba. Zamani alikuwa akiendesha boti kule kwetu, sasa anatengeneza baiskeli hapa. Dizeli yeye anaita mazutu mpaka leo. Usiku ule wa 1996, alisema, motere iliwaka mara ya tano, watu wote wamelala chini bila kukohoa. Miaka yote aliamini ni baridi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Moshi ulikuwa unatoka?" Nikasema hapana. "Hata yetu," akasema, "haukutoka."

Juzi tumepata ujumbe. Miwani imefika.