Gari la Magogo Lachukua Wageni

Katika jimbo la West Virginia, nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao Cass, nao umejificha bondeni kando ya mto Greenbrier. Mji huo ulianzishwa mwaka wa 1901 na kampuni ya kutengeneza karatasi, kwa kuwa milima iliyouzunguka ilifunikwa na misonobari mikubwa. Nyumba, duka, reli na kiwanda cha kupasulia mbao, vyote vilikuwa mali ya kampuni.

Siku hizi mgeni afikapo huona nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, zimejipanga safu kwa safu. Huonyeshwa duka la kale na magofu ya kiwanda, kisha hupanda gari la moshi pamoja na kiongozi wa safari. Mabehewa yake zamani yalichukua magogo. Sasa yametiwa viti na paa.

Injini zake, ziitwazo Shay, si za kawaida. Nguvu ya mvuke huzungusha mhimili ulio ubavuni, na meno ya chuma huendesha magurudumu yote. Kwa sababu hiyo injini huenda polepole, lakini huweza kupanda mahali ambapo reli huinuka futi 11 katika kila futi 100. Penye mteremko mkali mno gari husimama, reli hubadilishwa, likapanda tena kinyumenyume. Injini moja iliundwa mwaka wa 1905 kwa ajili ya kazi ya mlima huo huo, na ingalipo.

Baada ya maili 4 wageni hushuka Whittaker, wakatazama kambi ya wakata miti iliyojengwa upya. Safari ndefu huishia karibu na kilele cha Bald Knob, chenye kimo cha futi 4,842, ambako macho huona milima juu ya milima.

Huko huko milimani palikuwa na mji mwingine, Spruce, usiofikiwa ila kwa reli. Kazi ilipokwisha watu wote walihama, na leo pamebaki misingi ya majengo tu. Cass nao ulikaribia kupatwa na msiba huo. Mwaka wa 1960 kiwanda kilifungwa, watu wakakosa kazi, na reli ikauzwa ing'olewe kuwa vyuma chakavu. Lakini wapenda reli waliwasihi wakuu wa jimbo, nao wakainunua. Mwaka wa 1963 gari lilianza kuchukua watalii.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Kwa muda wa miaka karibu 60 mji wa Cass ulilishwa na miti iliyoangushwa. Sasa msitu umeota tena, na miti iliyosimama ndiyo inayowavuta wageni.